Mbwa kiziwi wa kulea kwa muda: dalili, vyanzo, na namna ya kumpatia nyumba ya kudumu

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyempokea mbwa asiyesikia, awe ameokotwa jalalani, ametolewa kituo cha uokoaji au ameachwa getini usiku, na sasa anamlea huku akimtafutia watu wa kuishi naye. Malalamiko ya walezi yanafanana mno, kuanzia Mbezi hadi Rongai, na mengi huishia kwenye kauli ileile: "Huyu hafundishiki." Sikubaliani nayo hata kidogo. Mbwa huzungumza na wenzake kwa mwili kuliko kwa sauti, na hata mbwa mzima wa masikio husoma mabega, miguu na uso wako kabla hujafungua mdomo. Anachokosa kiziwi ni habari za nyuma ya mgongo wake. Basi kabla ya kumlaumu kwa lolote kati ya haya yafuatayo, jiulize kwanza: alikuwa ananiona?

Siku za mwanzo mpeleke kwa daktari wa mifugo. Achomwe chanjo ya kichaa cha mbwa kama ametimiza miezi mitatu, apewe dawa ya minyoo, aondolewe kupe na viroboto, na masikio yachunguzwe kwa kifaa chenye taa. Mtenge na mbwa wako wengine kwa wiki mbili hivi, kwa sababu distempa na pavo, magonjwa ya virusi ya mbwa, huweza kuingia nyumbani na mbwa anayeonekana mzima kabisa. Mambo ya tabia yaje baada ya mwili kukaguliwa. Mbwa mwenye maumivu hajifunzi.

## Hageuki anapoitwa

Si kila asiyegeuka ni kiziwi. Chanzo cha kawaida kabisa ni ugeni na woga. Mbwa wa mtaani hajawahi kuwa na jina, na sauti ya mtu kwake ni kelele ya kukwepa au ya kupuuza. Wengine huganda tu wakitazama ukuta, na mlezi akadhani masikio yamekufa. Mpe muda atulie, ale, alale, ndipo umpime.

Chanzo cha pili ni masikio machafu au yenye ugonjwa: nta iliyoziba, ukungu, usaha, au kupe waliojazana ndani. Hiki ni cha kufurahia, maana mara nyingi hutibika.

Cha tatu ni uziwi wa kuzaliwa. Huambatana sana na rangi nyeupe ya kichwa na masikio, wakati mwingine na macho ya buluu. Sababu yake ni kwamba chembe zinazotengeneza rangi zinahitajika pia ndani ya sikio. Zikikosekana, sehemu inayopokea sauti hufa mtoto akiwa na wiki tatu au nne, muda mfupi tu baada ya masikio kufunguka. Ndiyo maana Dalmatian wanajulikana kwa tatizo hili: nchini Marekani takribani 30 kati ya 100 wamepimwa wakakutwa na uziwi wa sikio moja au yote mawili. Vilevile, ukizalisha mbwa wawili wenye manyoya ya mabaka yaliyopauka, aina iitwayo merle, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kurithi hali hiyo kwa pande zote mbili, na hao ndio huwa weupe, na wengi wao huzaliwa na kasoro za masikio au macho.

Mwisho huja uzee, na dawa. Gentamisini na neomisini zinaweza kuua usikivu, na hata klorheksidini, ambayo ni dawa nzuri ya kusafishia vidonda, ni hatari ikifika ndani ya sikio lenye kiwambo (ngozi nyembamba ya ndani ya sikio) kilichotoboka.

Kumpima nyumbani ni rahisi. Subiri alale fofofo. Simama nyuma yake mahali ambapo upepo hautokei kwako kwenda kwake, kivuli chako hakimfikii, na sakafu haitikisiki. Tikisa funguo, piga filimbi, gonga sufuria kwa kijiko, kila sauti kwa wakati wake na kwa mapumziko marefu katikati. Angalia masikio yake, maana hucheza hata kama kichwa hakijainuka. Rudia siku nyingine. Usipige makofi karibu naye. Atahisi upepo wa mikono nawe utadhani amesikia. Kipimo hiki hakikuambii kama sikio moja tu ndilo zima. Kwa hilo kuna kipimo cha BAER, kinachosoma umeme wa ubongo sauti inapoingia sikioni, lakini kliniki nyingi za mitaani hazina mashine yake, na kwa malezi ya kila siku si lazima uwe nacho.

SIMAMA HAPA, nenda kwa daktari: sikio linanuka au linatoa usaha, analia ukiligusa, kichwa kimepinda upande mmoja, anayumba au anazunguka. Usimimine chochote ndani: si mafuta ya nazi, si spiriti, si dawa iliyobaki ya mbwa mwingine. Kama kiwambo kimetoboka, tone moja la kitu kisichofaa linaweza kummalizia usikivu uliokuwa umebaki.

## Anashtuka na kurusha meno anapoguswa

Hili ndilo linalofanya walezi wengi wakate tamaa, na ndilo ningependa lisomwe polepole.

Chanzo cha kwanza, tena kwa mbali, ni kushtuliwa. Mbwa anayesikia huamshwa na nyayo zako ungali mlangoni. Kiziwi huamshwa na mkono ambao tayari uko juu ya mwili wake. Meno hutangulia akili. Mara nyingi akishafumbua macho na kukuona hujikunyata na kutikisa mkia, na hapo unajua hakukusudia ubaya.

Anza na mahali anapolala. Toa tandiko lake kwenye korido na njia ya jikoni, uliegemeze ukutani, limwezeshe kuona mlango akifumbua macho. Watu wasimruke. Watoto waambiwe kwa maneno machache wanayoweza kuyashika: akilala, mwacheni, mkimhitaji, mwiteni mtu mzima. Hatua hii peke yake huondoa sehemu kubwa ya tatizo.

Kisha mfundishe kwamba kuamshwa kuna raha. Akiwa macho na anakuona, mguse begani kwa vidole viwili na papo hapo umpe kipande cha ini lililochemshwa au dagaa mmoja. Gusa, mpe. Siku zikienda, mguse akiwa ametazama pembeni, halafu akiwa amekupa mgongo, halafu akiwa anasinzia. Usiruke hatua. Kwa aliyelala fofofo, usianze na mkono kabisa: kanyaga sakafu kidogo ukiwa mbali, au sukuma ukingo wa tandiko, au weka kiganja mbele ya pua yake uache harufu yako imwamshe. Sakafu ya saruji haipitishi mtikisiko vizuri kama ya mbao, kwa hiyo katika nyumba nyingi za kwetu pua na tandiko ndizo za kutegemea. Gusa mahali palepale siku zote, na kila mtu wa nyumba aguse kwa namna hiyohiyo.

Chanzo cha pili ni maumivu. Mbwa aliyegongwa na bodaboda hapo nyuma anaweza kuwa na nyonga mbovu bila jeraha la kuonekana. Akikukemea unapogusa sehemu moja tu, hata akiwa macho na anakutazama, hiyo ni kazi ya daktari.

Cha tatu ni kumbukumbu ya kupigwa, na hapa mazingira yetu yana jambo lake. Mbwa wa mtaani anajua kwamba mtu anayeinama anaokota jiwe, na mkono ulioinuliwa unalirusha. Kiziwi hana sauti ya upole ya kumtuliza katikati ya picha hiyo. Usimwinamie kutoka juu. Chuchumaa ukiwa umempa ubavu, mikono chini ya kiuno, umwache yeye ndiye aje.

SIMAMA HAPA: akiuma mtu hadi kutoboa ngozi, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na mtu afike hospitali siku hiyohiyo akaulizie chanjo. Usipake majivu wala dawa ya kienyeji. Mbwa asiuawe wala kufukuzwa. Afungiwe salama na kuangaliwa kwa siku 10 kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa na ute mwingi, anayeshindwa kumeza, anayeyumba au kuuma hata vijiti, usimsogelee wala kumfungua mdomo uone kilichokwama. Piga simu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, na karibu wote waliambukizwa na mbwa.

Kama anauma akiwa macho, anakuona, na hajaguswa popote panapouma, hilo si suala la masikio. Usilifanyie majaribio nyumbani, na usimtangaze kwa ajili ya kuchukuliwa hadi mtu mwenye ujuzi wa tabia za mbwa amemwona.

## Hatii, wala hanitazami

Karibu kila mara chanzo ni kwamba hajawahi kupata faida ya kukutazama. Watu hukimbilia "kaa" na "lala" kabla ya kumjengea hilo. Ishara ni ya nani kama macho yake yako kwa paka?

Kwa hiyo somo la kwanza ni jicho. Weka vipande vidogo vya chakula mfukoni kutwa nzima. Kila akikutazama mwenyewe, bila kuombwa, inua dole gumba karibu na kifua chako kisha mpe kipande. Dole gumba hilo ndilo litakuwa neno lako la "vizuri", na lazima lifuatwe na chakula kila mara hadi alielewe. Baada ya muda utamwona anakuchungulia kila hatua chache anapotembea. Hapo ndipo ongeza ishara nyingine: kiganja kikivutwa kifuani kwa "njoo", kiganja kikielekea chini kwa "lala", kidole kikielekezwa sakafuni kwa "kaa". Chagua ishara zinazofanyika kwa mkono mmoja, kwa kuwa mwingine utakuwa umeshika kamba au kikapu. Na uso wako useme kitu kilekile ambacho mkono unasema. Ukikunja uso huku umeinua dole gumba, atauamini uso.

Chanzo cha pili ni nyumba yenye lahaja nyingi. Baba anaita kwa mkono wa juu, dada wa kazi kwa mkono wa chini, watoto kwa kurukaruka. Chora ishara kwenye karatasi na uibandike jikoni.

Usiku tumia tochi, ukiielekeza ardhini mbele yake, kamwe si machoni. Kuwasha na kuzima taa ya ukumbi hufanya kazi vizuri mpaka umeme ukatike, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Kalamu za leza ziepuke kabisa: wapo mbwa wanaoanza kufukuza mwanga na vivuli hadi wanashindwa kutulia, na viziwi, ambao wanaishi kwa macho, wasiingizwe kwenye hatari hiyo. Kola ya mtetemo inafaa kama mtetemo una maana ya "nitazame, kuna chakula", na imefundishwa taratibu. Kola ya shoti ya umeme isimkaribie.

## Anabweka bila kukoma, au analia akiachwa

Haisikii sauti yake mwenyewe, kwa hiyo hajui ni kubwa kiasi gani. Lakini kwa kawaida kubweka kwenyewe kuna sababu: anadai uangalizi na amegundua kwamba ukimsikia unakuja, au umetoweka asijue umekwenda wapi. Mbwa anayesikia hujua uko bafuni kwa mlio wa maji. Kiziwi alisinzia ukiwepo, akaamka haupo.

Jaribu rahisi kwanza. Usiondoke akiwa amelala. Mwamshe, mpe ishara moja ya kuaga, ileile kila siku, umwachie fulana uliyoivaa na mfupa wa kutafuna. Anza kutoka kwa muda mfupi sana, urudi kabla hajaanza. Usiku acha taa ndogo ikiwaka. Asubuhi mchoshe kwa kunusa: tawanya dagaa kwenye majani awatafute. Akibweka kwa kudai, geuka, halafu mtuze anapotulia na kukutazama.

Akijiumiza, akivunja kucha mlangoni au akijitafuna miguu hadi damu, mwite daktari. Mbwa mzee aliyeanza kulia usiku hivi karibuni naye apimwe, kwa sababu huenda si masikio tu yanayozeeka.

## Ametoroka, au anakaribia kugongwa

Chanzo ni geti. Hapa sina maneno mengi: kiziwi haachiwi bila kamba nje ya uzio, hata kama amejua ishara zote, hata kama ufuo ni mweupe na hakuna mtu. Ukitaka akimbie, tumia kamba ndefu ya mita 10 iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani.

Hatari ambayo watu huisahau ni gari la nyumbani. Mbwa wengi hupenda kulala chini ya gari kwa sababu kuna kivuli, na wanaosikia huondoka injini inapowaka. Huyu hataondoka. Askari wa getini na kila dereva wa nyumba wawe na kanuni moja: gari haliwashwi kabla mbwa hajaonekana kwa macho. Kwenye kola yake kuwe na kibao chenye namba ya simu na maneno MBWA KIZIWI, ili atakayemwona barabarani asipoteze muda kumwita.

Akitoroka, usikimbize. Watu wakae chini, mtu aliyemzoea ajiweke mahali atakapoonekana, na chakula chenye harufu kali kiwekwe upande unaotoka upepo.

## Anagombana na mbwa wengine

Mwenzake alimkoromea, yeye hakusikia, akaendelea kusogea. Walishe mbali kabisa, ondoa mifupa wakiwa pamoja, na wakutanishe kwa kutembea sambamba kwenye kamba kabla ya kuwafungia ua mmoja. Wengi hujifunza upesi kusoma midomo na mkia, na mbwa mtulivu anayesikia huwa msaada mkubwa, kwa sababu kiziwi hufuata anakotazama mwenzake. Damu ikitoka zaidi ya mara moja, watenganishe na utafute msaada.

## Hapati nyumba, au anarudishwa

Kwa nchi zetu chanzo cha kwanza kinajulikana: watu wanatafuta mlinzi. Mbwa wengi hupewa nafasi nyumbani kwa sababu ya mwizi, na anayekuja kumwona wako atauliza kama anabweka mtu akigonga geti. Mwambie ukweli: hatasikia geti. Usimpambe kwa kusema pua yake itafidia, ingawa ni kweli kwamba wengine huhisi harufu na mtikisiko. Mtu anayehitaji mlinzi atamrudisha, au atamwacha nje kwenye mnyororo, jambo ambalo kwa kiziwi ni kifungo cha giza. Mpe mtu huyo mbwa mwingine.

Chanzo cha pili ni huruma isiyo na mpango. Anayelia alipoona picha si lazima awe anayeweza kumtembeza alfajiri. Andika tangazo linaloanza na mbwa mwenyewe, yaani anapenda nini, ana umri gani, anaelewana na nani, kisha uziwi wake utajwe wazi katikati ya maelezo, wala si kwa maandishi madogo mwishoni. Weka video fupi akifuata ishara. Nimeona video ya mbwa akigeuka na kuja kwa mkono tu ikibadilisha mawazo ya watu ambao maelezo ya ukurasa mzima hayakuwagusa.

Cha tatu ni nyumba isiyomfaa: watoto wa umri wa kutambaa, wageni wa kila saa, ua usio na uzio, mwenye nyumba ambaye hajaulizwa. Nenda ukaione. Zungumza na dada wa kazi na askari, maana ndio watakaokuwa naye mchana kutwa; wakimwogopa, makao hayo hayajawa tayari hata kama mama mwenye nyumba amempenda.

Kuna mlango ambao hausukumwi vya kutosha: familia za viziwi. Katika nyumba hizo mikono tayari inazungumza, taa inawashwa kuita mtu, na kila mmoja amezoea kuingia kwenye upeo wa macho kabla ya kugusa. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, na Tanzania ina Lugha ya Alama yake. Hakuna sababu ya mbwa kutofundishwa alama hizohizo. Si kila kiziwi anataka mbwa, na asishawishiwe kwa hoja kwamba wanafanana. Aulizwe tu kama wengine, na tangazo limfikie.

Makabidhiano nayo huvunja mengi. Ahasiwe au afungwe kizazi kabla ya kuondoka, hasa kama uziwi ni wa kuzaliwa. Mpeleke mwenyewe, kaa nao, waone ishara zote kwa mkono wako kisha uwaache wao wazifanye huku ukitazama. Waachie karatasi ya ishara, kadi ya chanjo, tandiko lake bila kulifua, na chakula cha siku za mwanzo. Kubalianeni kwa maandishi kuwe na kipindi cha majaribio cha wiki kadhaa, na kwamba ikishindikana mbwa anarudi kwako au kituoni, hapewi jirani. Vituo kama KSPCA ya Nairobi, shirika la kutetea wanyama, vina uzoefu wa kuasilisha mbwa, na kwa matibabu makubwa kuna hospitali za wanyama za vyuo vikuu, kama Sokoine pale Morogoro na Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete.

Piga simu siku ya pili, si baada ya mwezi. Uliza mambo mahususi: analala wapi, nani anamwamsha na kwa namna gani, gari linawashwaje asubuhi. Wakisema "anaendelea vizuri tu," omba video ya mtu akimwamsha. Ukiona mkono unatua mgongoni kwa ghafla, rudi nao kwenye hatua ya vidole viwili begani na kipande cha ini, hata kama ni kwa simu, na uzungumze zaidi na yule anayemlisha.